Kompyuta Haiwaki au Inazima Ovyo: Kutafuta Chanzo Kuanzia Ukutani Hadi Kwenye Pawasaplai

Kompyuta ya mezani inapokataa kuwaka, lawama ya kwanza huiangukia pawasaplai, kile kisanduku cha ndani kinachovigawia vifaa vyote umeme, na wengi hukimbilia dukani kununua nyingine kabla hata ya kupima soketi ya ukutani. Wapo wanaobahatisha wakapona. Wengine hufunga kifaa kipya, kompyuta ikabaki kimya vilevile, na fundi anayeitwa baadaye akakuta fyuzi ya plagi imekatika au kebo ya prosesa imechomoka. Mwongozo huu unafuata njia ya umeme wenyewe, kutoka ukutani kuelekea ndani, kwa sababu mambo ya mwanzo wa njia hiyo ndiyo rahisi kukaguliwa, ndiyo nafuu kurekebishwa, na ndiyo yanayosahaulika zaidi.

Kazi ya pawasaplai ni kupokea mkondo geu wa volti 230 wenye mizunguko 50 kwa sekunde (nchini Kenya ni volti 240) na kutoa mkondo mnyoofu wa volti 12, volti 5 na volti 3.3 ambao ubao mama (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote), prosesa na diski vinaweza kuutumia. Katika ATX, mfumo wa vipimo vya pamoja vya kompyuta za mezani ulioletwa na Intel mwaka 1995 na ambao bado unatumika, kila njia kati ya hizo tatu kwa kawaida inaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 5 tu: volti 12 zikae kati ya 11.4 na 12.6, volti 5 kati ya 4.75 na 5.25, na volti 3.3 kati ya 3.14 na 3.47. Kuna pia volti 5 za akiba, ambazo hazizimiki maadamu plagi iko ukutani. Hizo ndizo zinazowasha kile kitaa kidogo kwenye ubao mama huku kompyuta yenyewe ikiwa imezimwa, na ndizo zinazouwezesha ubao kutambua kwamba kitufe kimebonyezwa.

Vifaa vinavyohitajika ni multimita ya kawaida, bisibisi na kipande kifupi cha waya. Testa ya bisibisi, ambayo ndiyo chombo cha kwanza kushikwa na watu wengi, inaweza kuonyesha kwamba waya una moto, lakini haisemi ni volti ngapi, haisemi kama nyutro (waya wa kurudishia umeme) ipo, na wala haisemi lolote kuhusu waya wa ethi, ule wa usalama unaoshuka ardhini. Usiitegemee peke yake.

Jambo moja kuhusu usalama lisirukwe. Ndani ya pawasaplai kuna kapasita kubwa inayohifadhi takriban volti 325, na katika zile zenye mfumo wa kurekebisha mkondo unaoingia hufikia karibu volti 400. Kwa kawaida chaji hiyo hupungua dakika chache baada ya kuchomoa plagi, lakini rezista inayoipunguza ikiwa imekufa, inaweza kubaki muda mrefu na kumdhuru mtu vibaya. Hakuna kipimo hata kimoja katika maelezo haya kinachohitaji kufungua bati la pawasaplai yenyewe.

Kompyuta imekufa kabisa, haina taa wala feni

Anza na soketi. Chaja ya simu si shahidi mzuri, kwa sababu hufanya kazi hata umeme ukishuka hadi volti 100 na huvuta mkondo mdogo mno, kiasi kwamba waya uliolegea nyuma ya soketi hautajulikana. Pasi ya nguo ni bora zaidi, kwa kuwa hulazimisha soketi kutoa mkondo wa kweli. Ukiwa na multimita, kipimo cha kati ya volti 207 na 253 hakina tatizo lolote kwa pawasaplai iliyo nzima. Pawasaplai nyingi za sasa zimeandikwa volti 100 hadi 240 na huvumilia hata umeme mdogo wa jioni, ilhali zile za zamani zilizoandikwa 200 hadi 240 huanza kukataa kuwaka umeme unaposhuka chini ya 180 hivi. Kompyuta inayowaka asubuhi na kugoma saa mbili usiku, wakati mtaa mzima unapika na kutazama televisheni, ipimiwe umeme saa hiyohiyo ya usiku.

Baada ya soketi ni plagi. Plagi ya pini tatu za mstatili ina fyuzi ndani yake, nayo huweza kukatika bila alama yoyote ya nje. Itoe uipime kwa mlio wa multimita, na ukiibadilisha weka ya ampea zilezile, si kipande cha waya wala karatasi ya sigara. Waya wa umeme wa kompyuta unaweza kujaribiwa bila kipimo chochote: mara nyingi waya wa monita ni wa aina hiyohiyo, kwa hiyo vibadilishane, na monita ikiwaka kwa waya wa kompyuta, waya hauna kosa. Kisha tazama nyuma ya kasha kama swichi ya pawasaplai iko upande wa mstari wima (imewashwa) au wa duara (imezimwa). Inashangaza ni mara ngapi swichi hiyo huzimwa na mtu aliyekuwa akifagia.

Kama yote hayo ni sawa, chomoa plagi, bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde kadhaa ili kapasita ziishiwe chaji, subiri dakika chache, halafu jaribu tena. Hatua hii ina maana ya kiufundi: pawasaplai iliyoshtuliwa na umeme mkubwa au shoti hujifunga kwa kinga zake za ndani, na aghalabu haijifungui mpaka ikae bila umeme kabisa.

Hapa ndipo multimita inapoanza kulipa gharama yake. Fungua kasha la kompyuta, acha kebo kubwa ya pini 24 ikiwa imechomekwa kwenye ubao mama, rudisha umeme, weka ncha nyeusi ya multimita kwenye waya wowote mweusi na ingiza ncha nyekundu nyuma ya pini ya waya wa zambarau, namba 9. Lazima usomeke umeme wa takriban volti 5. Ukikosekana, chomoa kebo kwenye ubao upime tena, na ukiendelea kukosekana ilhali umeme wa ukutani umethibitishwa, pawasaplai ndiyo mgonjwa. Ukirudi mara tu ubao unapoondolewa, basi ubao mama ndio unaouvuta chini.

Zambarau ikiwa na volti 5, hamia kwenye waya wa kijani, namba 16, ulio katikati ya nyaya mbili nyeusi. Kabla ya kubonyeza kitufe waya huo huwa na volti kadhaa, kwa kawaida kati ya 3 na 5, na kitufe kinapobonyezwa ubao mama huushusha hadi karibu na sifuri. Huo ndio mwito wa kuiamsha pawasaplai. Kijani kikikaa juu bila kushuka, kosa liko kwenye kitufe, kwenye waya wake mwembamba unaoelekea ubaoni, au kwenye ubao wenyewe. Gusanisha kwa bisibisi zile pini mbili ndogo za ubao mama ambako waya wa kitufe huchomekwa: kompyuta ikiwaka, umepona kwa bei ya kitufe. Kijani kikishuka na bado hakuna kinachozunguka, rudi kwenye pawasaplai.

Jaribio maarufu la kuiwasha pawasaplai nje ya kompyuta, kwa kuunganisha kijani na cheusi kwa kipande cha waya, ni zuri lakini lina mipaka ambayo hairudiwi vya kutosha. Lifanye plagi ikiwa imechomolewa na kebo zote zikiwa nje ya ubao, kisha ndipo urudishe umeme. Feni ikizunguka inathibitisha kwamba pawasaplai inaweza kuamka bila mzigo, basi. Inaweza kuanguka vibaya pindi prosesa itakapodai ampea kumi. Upande wa pili, zipo pawasaplai ambazo feni yake haizunguki mpaka zipate joto, na ukizihukumu kwa feni peke yake utazitupa zikiwa hai. Pima volti. Katika pawasaplai mpya ambazo nyaya zote ni nyeusi, rangi hizi hazitakusaidia, hivyo fuata namba za pini kwenye mchoro wa mtengenezaji.

Inawaka kwa sekunde moja kisha inazima

Dalili hii, tofauti na wengi wanavyodhani, mara nyingi ni ishara kwamba pawasaplai ina akili timamu. Imeona shoti au mkondo uliozidi, ikajilinda. Kazi yako ni kutafuta shoti iko wapi, na njia yenyewe ni ya kuondoa kimoja kimoja: chomoa diski zote, kadi ya picha, vifaa vya USB na feni za ziada, ukibakiza prosesa, feni yake na kipande kimoja cha RAM (kumbukumbu ya muda). Kifaa ambacho kuondoka kwake kunaifanya kompyuta ibaki imewaka ndicho chenye shoti. Usikose kukagua soketi za USB za mbele, kwani kibati kimoja kilichopinda ndani yake kinatosha kuiangusha mashine nzima. Halafu inua ubao mama kidogo na kutazama chini yake, ambako skrubu iliyodondoka au kiguzo cha shaba kilichowekwa mahali pasipo na tundu huweza kugusa mgongo wa ubao.

Feni zinazunguka lakini skrini ni nyeusi

Hapa pawasaplai husingiziwa zaidi kuliko mahali pengine. Sababu ya kwanza ya kutazamwa ni kebo ya prosesa, yenye pini 4 au 8 na nyaya za njano na nyeusi, ambayo hutoa volti 12 za prosesa peke yake. Ikisahaulika baada ya usafi, feni zitazunguka kwa furaha na prosesa haitaamka kamwe. Kadi ya picha yenye soketi yake ya pini 6 au 8 nayo hukataa kutoa picha isipopata umeme huo, kwa sababu tundu la ubao mama hutoa wati 75 tu, na kilichobaki hutoka kwenye kebo: wati 75 kwa pini 6, wati 150 kwa pini 8.

Kebo zikiwa sawa, ondoa RAM, isafishe pini zake na kuirudisha kwa nguvu ya kutosha. Kisha pima waya wa kijivu, namba 8. Huo ni waya ambao pawasaplai huutumia kuuambia ubao mama kwamba volti zake zimetulia, na hupanda hadi volti 5 hivi, kati ya sekunde 0.1 na 0.5 baada ya kuwashwa. Usipopanda, ubao huishikilia prosesa isianze, feni zikiendelea kuzunguka. Hapo pawasaplai ina kesi ya kujibu.

Inazima ghafla ikiwa kazini

Tenganisha kwanza joto na umeme. Kompyuta inayozima baada ya dakika kadhaa za kazi nzito, ikakataa kuwaka mpaka ipumzike, ina uwezekano mkubwa wa kuwa na joto la prosesa au la pawasaplai yenyewe. Vumbi lililogandamana kwenye feni, hasa katika vyumba vilivyo kando ya barabara za vumbi, ni mshukiwa wa kwanza. Inayozima papo hapo mchezo unapofunguka au video inapoanza kutengenezwa, kisha ikawaka mara moja bila shida, huelekea zaidi kwenye njia ya volti 12 inayoanguka mzigo unapopanda. Weka multimita kwenye waya wa njano wa kebo ya diski, anzisha kazi nzito, na uangalie namba. Kushuka kutoka 12.1 hadi 11.9 si kitu. Kushuka hadi 11.3 kunatosha kuihukumu, ingawa multimita ni ya polepole na haioni mteremko wa sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo namba nzuri haimaanishi kwamba pawasaplai haina hatia.

Watumiaji wa Windows hukuta katika kumbukumbu za mfumo tukio la Kernel-Power namba 41 na kulichukua kama cheti cha kifo cha pawasaplai. Tukio hilo husema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kuagwa; lingeandikwa hata kama mtoto angechomoa plagi.

Umeme ukiyumba kidogo tu, inajizima

Pawasaplai nzima inatakiwa kuendelea kutoa umeme kwa takriban milisekunde 16 baada ya umeme wa ukutani kupotea, hata ikiwa na mzigo kamili, nayo UPS ya kawaida, yaani kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika, huhitaji milisekunde chache, mara nyingi kati ya 4 na 10, kuhamia kwenye betri. Hesabu hiyo inatosha wakati vifaa vyote ni vizima. Kapasita kubwa ya pawasaplai inapozeeka, muda huo hupungua, na ndipo unaposikia UPS ikibofya na kompyuta ikizima huku UPS yenyewe ikiwa bado imewaka.

Kabla ya kuilaumu pawasaplai, hata hivyo, ihoji UPS. Chomeka taa ya mezani au feni ndogo badala ya kompyuta, kisha chomoa UPS ukutani. Taa ikizimika, betri imekwisha. Betri hizo za risasi na asidi za volti 12, kwa kawaida za ampea-saa 7, hutarajiwa kudumu miaka 3 hadi 5, na joto huzifupishia maisha, hivyo chumba cha bati kisicho na feni hakiwezi kuzifikisha huko. Taa ikibaki na kompyuta ikazima, tazama mzigo: UPS iliyoandikwa VA 650 haibebi wati 650, bali mara nyingi chini ya 400, na printa ya leza haina nafasi kabisa kwenye tundu la betri. Zipo pia pawasaplai za kisasa ambazo hazipatani na UPS za bei ndogo, kwa sababu wimbi la umeme linalotoka kwenye betri ni la ngazi ngazi badala ya laini, nazo hujizima badala ya kulivumilia. Stebilaiza haitibu tatizo hili, kwani inapandisha na kushusha volti tu na haina akiba yoyote.

Kuyumba kuna sura moja inayotisha zaidi. Ukiona taa za chumba kimoja zinang'aa kupita kiasi huku za jirani zikififia, nyutro ya mtaani inaweza kuwa imekatika au imelegea, na nyumba zinazolishwa na fezi tofauti (nyaya tofauti za moto za mtaani) zimeanza kugawana volti 400 bila mpangilio. Zima meni swichi mara moja na utoe taarifa kwa shirika la umeme. Volti hizo huua pawasaplai, friji na televisheni kwa pamoja, na fyuzi haitawahi.

Ukigusa kasha, linapiga

Malalamiko haya ni ya kawaida sana katika nyumba na ofisi zetu, nayo hujibiwa vibaya kuliko yote. Mtu anagusa skrubu ya nyuma ya kasha akiwa pekupeku sakafuni, anahisi mtetemo, testa inawaka, na fundi anamwambia pawasaplai inavuja, abadilishe. Anabadilisha. Mtetemo unabaki.

Chanzo ni hiki. Pale umeme unapoingilia ndani ya pawasaplai, kuna kapasita mbili ndogo, moja ikiunganisha waya wa moto na bati la kasha na nyingine ikiunganisha nyutro na bati hilohilo, ili kuzuia kelele za umeme zisitoke kwenda kwenye redio na vifaa vingine. Zimewekwa kwa makusudi na hupitisha mkondo mdogo mno, ambao katika jengo lenye waya wa ethi hushuka ardhini bila mtu kujua. Ethi isipokuwepo, kapasita hizo mbili hugawana umeme katikati, na bati la kasha hukaa kwenye takriban nusu ya volti za ukutani, yaani kama 115. Mkondo wenyewe kwa kawaida ni mdogo kuliko wa kuua. Hatari iko kwingine: siku shoti ya kweli itakapotokea ndani, kasha lote litakuwa na moto kamili na hakuna fyuzi itakayokatika. Soketi za HDMI na USB nazo hufa kwa njia hii, kompyuta isiyo na ethi inapounganishwa na projekta au televisheni iliyo na ethi.

Basi itafute ethi ilipopotelea. Tazama kwanza adapta: zipo zinazopokea plagi ya pini tatu na kutoa pini mbili, na pini ya juu ya nyingine ni ya plastiki tupu. Tazama ekstensheni, kwa sababu zinauzwa zenye matundu matatu mazuri kwa macho ilhali waya wake una nyuzi mbili tu ndani. Tazama desturi ya kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Kisha pima soketi yenyewe: kati ya moto na nyutro usomeke umeme wa 230 hivi, kati ya moto na ethi namba inayokaribiana sana na hiyo, na kati ya nyutro na ethi volti chache tu. Ukipata namba za ajabu kama 90 na 120 katika vipimo viwili vya ethi, waya huo unaning'inia hewani. Ama haukuunganishwa na fito ya shaba iliyozikwa nje, ama fito imeliwa na kutu, ama waya wake umeibwa kwa ajili ya shaba.

Kurekebisha ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni na kipimo cha ukinzani wa ardhi. Usikubali mbinu ya kuunganisha nyutro na pini ya ethi ndani ya soketi. Kipimo kitaonekana kizuri na mtetemo utakwisha, lakini siku nyutro itakapokatika, kila kasha la bati katika nyumba hiyo litapata volti 230 kamili.

Breka inaruka kompyuta zikiwashwa

Tambua kwanza ni breka gani. Yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T ni ya kulinda watu, nayo hukata umeme ikiona mkondo wa takriban milliampea 30 umepotelea ardhini, ingawa inaruhusiwa kukata hata kuanzia 15. Chukua darasa lenye kompyuta 20 zilizo nzima. Kila moja hupitisha ardhini, kupitia zile kapasita ndogo, kiasi kinachoweza kufika milliampea moja au zaidi, na jumla yake inatosha kuiangusha breka bila kompyuta yoyote kuwa na kosa. Dawa ni kugawa soketi katika njia kadhaa, kila moja na breka yake, na si kuiondoa breka, jambo ambalo kwa bahati mbaya hufanywa.

Breka ya kawaida, ile isiyo na T, huruka kwa mzigo. Kompyuta nyingi zinapowashwa kwa pamoja, au umeme unaporudi baada ya mgao na kuzikuta zote zimeachwa zikiwa zimewashwa, kapasita zao hujazwa kwa wakati mmoja na mkondo hupanda kwa kishindo. Zima swichi za nyuma, washa mstari mmoja baada ya mwingine. Ikiwa breka huruka kwa kompyuta moja ile ile, hata ikiwa peke yake, pawasaplai ya mashine hiyo ina shoti upande wa kuingilia, iondoe.

Harufu, mlipuko na milio

Mlio mwembamba unaobadilika kadiri mzigo unavyobadilika hutoka kwenye koili na hauna madhara. Mkwaruzo ni feni. Harufu kali ya plastiki inayoungua, ambayo wengine huifananisha na ya samaki, ni sababu ya kuchomoa plagi bila kusubiri kuhifadhi faili, na pawasaplai iliyowahi kuitoa isirudishwe kazini hata kama bado inawaka.

Mlipuko siku ya kwanza kabisa ya kuchomeka kompyuta ya mtumba karibu kila mara una maelezo mafupi: swichi nyekundu ya nyuma iliachwa kwenye 115, kama ilivyokuwa ikitumika Marekani, na ikapewa 230. Mlipuko wa ghafla katika mashine iliyokuwa nzima, hasa maeneo ya pwani kama Tanga, Mombasa au Unguja, mara nyingine ni mjusi au mende aliyeingia kutafuta joto, au chumvi na unyevu vilivyogandana juu ya vumbi. Puliza vumbi kutoka nje, plagi ikiwa imechomolewa, huku umeizuia feni isizunguke.

Ikibidi kununua nyingine

Soma kibandiko, usisome namba kubwa ya sandukuni. Kompyuta ya sasa hula karibu nguvu zake zote kwenye volti 12, kwa hiyo tafuta ampea za safu hiyo na uzidishe. Pawasaplai iliyoandikwa "500W" lakini yenye ampea 18 tu kwenye volti 12 hutoa huko wati 216, na hiyo ndiyo nguvu yake halisi kwa prosesa na kadi ya picha. Kompyuta ya ofisini isiyo na kadi ya picha itatosheka nayo. Yenye kadi inayohitaji kebo yake haitatosheka.

Mashine za ofisi za mtumba zinahitaji uangalifu zaidi. Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020, kwa mfano, zina kebo kuu ya pini 8 badala ya 24, hivyo vipimo vya rangi vilivyoelezwa juu havizihusu, na pawasaplai ya kawaida haiingii bila adapta. Nyingi za Dell zina kitufe cha kujipima nyuma ya pawasaplai na kitaa cha kijani kando yake. Kikiwaka ukibonyeza, anza kuutazama ubao mama.

Mwisho, kama pawasaplai mpya ina kebo za kuchomeka na kuchomoa, tumia zilizokuja nayo tu. Upande wa ubao mama umesanifishwa, lakini mpangilio wa pini upande wa pawasaplai hutofautiana kati ya watengenezaji na hata kati ya matoleo ya mtengenezaji mmoja, na kebo ya zamani inayoingia vizuri kabisa inaweza kupeleka volti 12 mahali diski inapotarajia volti 5.